Uteuzi wa Mbao na Dhamiri ya Fundi

Wazee husema, mchagua jembe si mkulima. Methali hii humkemea mvivu ambaye asubuhi hulalamikia mpini, na jioni hurudi nyumbani bila ya kulima hata tuta moja. Ni methali ya haki, wala sikusudii kuitangua. Lakini kila methali ina mpaka wake, na mtu akiifuata hata akauvuka mpaka huo hupotea. Mkulima hupokea jembe likiwa limekwisha kufuliwa. Seremala huanzia nyuma zaidi, pale ambapo kitu hakijawa kitu. Kabla hajapiga randa mara moja, lazima achague mti. Uteuzi huo ni sehemu ya kazi yake, nami nitajaribu kukuonyesha, msomaji, kwamba ni sehemu ya uadilifu wake pia.

Tuseme wewe ni kijana wa Malindi. Umejifunza useremala kidogo kwa jamaa yako, na sasa wataka kujitengenezea mahali pa kazi uani kwenu: meza ya seremala, na juu yake ukutani ubao wa kutundikia misumeno, randa, patasi na nyundo. Swali la kwanza litakalokujia ni hili: nitumie mbao gani? Wengi watakujibu kwa maneno mawili, nguvu na bei. Tafuta ubao wenye nguvu, watasema, kwa bei uwezayo. Shauri hilo si baya, ila halijatimia. Nguvu ni habari ya ubao, na bei ni habari ya mfuko wako. Lakini ubao ulikuwa mti, na mti ulisimama mahali fulani, miongoni mwa viumbe na watu fulani. Kwa hiyo naongeza neno la tatu, nalo ni haki.

Na tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu asiyejua kazi ya kitu hawezi kujua kipimo chake. Meza ya seremala si meza ya kulia chakula. Hupigwa nyundo, husukumwa na randa, hubanwa na jiliwa. Yahitaji uzito, isije ikatambaa sakafuni fundi anaposukuma randa. Yahitaji miguu imara, isiyumbe wakati wa kukata. Zaidi ya hayo yahitaji uso ulionyoka, maana ubao unaorandwa juu ya meza iliyopinda hutoka umepinda. Lakini angalia pia mambo ambayo meza hii haiyahitaji. Haihitaji urembo. Haihitaji uso mgumu kupita kiasi, kwa kuwa uso wa namna hiyo huujeruhi ubao laini unaofanyiwa kazi juu yake. Ubao wa ukutani nao wataka machache zaidi: usipinde, usiliwe na wadudu, na ubebe kilo chache za zana bila ya kung'oka. Basi kila sehemu ina haja yake, na haja hizo hazilingani.

Sasa tuitazame miti tuliyo nayo. Katika pwani hii ya Kilifi na Malindi mti unaosifiwa sana ni mbambakofi. Ubao wake ni mzito, una rangi ya hudhurungi yenye wekundu, mchwa hauwezi, na ukisha kukauka haubadiliki umbo upesi. Pamoja na mvule na msaji umetumika tangu zamani katika milango ya kuchonga na katika kuunda vyombo vya bahari. Baada yake iko miti isiyo na sifa kubwa. Mwembe hukatika na kurandika kwa urahisi, lakini dumuzi huupenda, na ukicheleweshwa kukaushwa hupata madoa ya ukungu. Mvinje, unaopandwa kwa wingi mashambani kwa ajili ya nguzo na boriti, ni mgumu na mzito, ila hupasuka na kujipinda unapokauka. Shina la mnazi mzee ni gumu upande wa nje, hata huua makali ya msumeno, na kiini chake ni laini, hakifai kubebeshwa mzigo. Mwarobaini, uliotujia kutoka Bara Hindi, ni jamaa wa mkangazi. Mbao zake ni ngumu kwa kadiri nzuri na wadudu huziogopa, ila mashina yake aghalabu ni mafupi tena yamepinda. Mwisho kuna saiprasi na msonobari kutoka mashamba ya miti ya bara: ni miti mepesi, laini, yenye mbao ndefu zilizonyoka.

Moyo wa kijana hukimbilia mbambakofi. Hujiambia kwamba kazi njema yastahili mti ulio bora kuliko yote. Maneno hayo yana sura ya heshima, lakini ngoja kwanza tuulize mti huo watoka wapi.

Kati ya Kilifi na Malindi uko msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba 420 hivi. Ndio msitu mkubwa kuliko yote iliyosalia ya namna yake, misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo zamani ilienea katika nchi pana. Humo mna mbambakofi, muhuhu na mrihi. Humo huishi sengi mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama ambaye haonekani ila katika sehemu chache sana nje ya msitu huo. Ulimwengu umekwisha kuanza kumwogopea mbambakofi mwenyewe: mwaka 2022, katika mkutano uliofanywa Panama, mataifa yalikubaliana kuuingiza mti huo, pamoja na jamaa zake wa Afrika, katika orodha ya miti ambayo biashara yake baina ya nchi na nchi huangaliwa kwa kibali. Na habari ya muhuhu ni onyo lililo karibu zaidi nasi. Mti huo hukua polepole mno. Ulipopendwa na wachongaji wa vinyago ulikatwa kwa haraka ambayo ukuaji wake haukuweza kuifuata, hata mashina makubwa yakawa haba, na wachongaji wengi wakageukia mwarobaini na mwembe. Wageni hawakuacha kununua vinyago. Kilichopotea ni miti, na wazee wetu wa kesho ndio watakaokosa kivuli chake.

Hapa, msomaji, utaleta hoja zako, na ni vema uzilete, kwani jambo la haki lisilopimwa kwa hoja hubaki kuwa mazoea tu.

Hoja ya kwanza ni hii: ubao umekwisha kupasuliwa, mti hauwezi kurudi ukasimama, nisiponunua mimi, atanunua mwingine. Ni kweli kwamba huwezi kumfufua mti uliokufa. Lakini mwuzaji hakati mti kwa kuwa anauchukia. Hukata kwa sababu jana alipata mnunuzi. Fedha unayompa hailipi ubao ulio mbele yako tu. Huuagiza na ubao wa kesho.

Hoja ya pili husema kwamba ubao mmoja hauumalizi msitu. Hili nalo ni kweli, wala sitakudanganya kwamba meza yako peke yake itageuza Sokoke kuwa jangwa. Lakini jiulize kama udhuru huo ni wako peke yako. Kila mnunuzi ana haki ya kuutamka kama wewe, kwa maneno yale yale. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa njia hiyo hiyo haba na haba hukikausha kibaba. Udhuru ambao ukipewa watu wote huangamiza kitu chenyewe, haufai kushikwa na mtu mmoja.

Hoja ya tatu hukimbilia sheria: kama ni haramu, Serikali ingezuia, na kama haikuzuia, basi ni halali. Sheria yapasa kutiiwa, na ubao usio na kibali usiuguse. Lakini sheria hupanda na kushuka. Mwezi wa Februari mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma. Mwaka 2023 Rais akatangaza kuiondoa marufuku hiyo. Je, kitendo cha mtu mharibifu kilikuwa kibaya mwaka ule kikawa chema mwaka huu? Sheria hutuonyesha kiwango cha chini ambacho hatuna ruhusa ya kushuka. Haituzuii kupanda juu yake. Wamijikenda walilijua jambo hili kabla ya sheria zilizoandikwa. Katika kaya zao, kama Kaya Fungo ya Wagiriama, wazee walikataza miti isikatwe ovyo, na makatazo hayo ndiyo yaliyoihifadhi misitu ile mpaka baadhi yake ikaingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia. Hakuna askari aliyesimama nyuma ya kila mti. Heshima ilisimama badala yake.

Hoja ya nne ni nzito kuliko zote, na ole wake mtu anayeipita kwa haraka. Mkata miti naye ana watoto. Hakuingia msituni usiku kwa kupenda giza. Aliingia kwa sababu karo imefika na ghala li tupu. Ni rahisi kwa aliyeshiba kumhubiria mwenye njaa habari za sengi na ndege. Basi tusimhubirie, tumwulize ni kazi gani nyingine tunayoweza kumlipa. Tangu mwaka 1993 pana mradi pale Gede uitwao Kipepeo, ambao hununua mabundo ya vipepeo kwa watu wanaoishi kandokando ya Arabuko-Sokoke na kuyauza ng'ambo. Fedha hiyo hupatikana msitu ukiwa umesimama. Ukianguka, nayo huanguka. Sidai kwamba vipepeo wamemaliza umaskini wa vijiji vile. Nasema tu kwamba wamethibitisha jambo moja: ule usemi kwamba maskini hana njia ila shoka si wa kweli daima. Na wewe, mwenye kutaka meza, waweza kuongeza njia nyingine. Ukinunua mwarobaini au mwembe mkongwe katika shamba la jirani, fedha yako huingia nyumba ile ile yenye haja, na kesho mwenye shamba ana sababu ya kupanda.

Yafuata kwamba mwarobaini wastahili kutazamwa tena. Hujiotea wenyewe pwani nzima, hata huingia mahali ambapo hautakiwi na kuisonga miti ya asili. Anayeukata aghalabu hapunguzi kitu kilicho haba. Mashina yake ni mafupi, lakini ufupi huo si kizuizi kwa fundi mwenye subira. Pasua vipande vyembamba, vikaushe, kisha uviunganishe ubavu kwa ubavu kwa gundi na jiliwa hata upate uso wa unene wa sentimita saba au nane. Uso uliounganishwa hivyo mara nyingi hutulia kuliko ubao mmoja mpana, maana kila kipande humzuia mwenziwe asijipinde. Funika pua na mdomo unapoukata, kwa kuwa vumbi lake huwasha. Miguu waweza kuifanya kwa mvinje uliokaa kivulini hata ukamaliza kupasuka kwake. Vipande vilivyovuka mtihani huo vizima ndivyo vya kuaminiwa. Unga miguu na mihimili kwa ulimi na tundu, ukaze kwa bolti, ili mbao zikinywea uweze kuikaza tena. Meza na ifike usawa wa kifundo cha mkono wako usimamapo wima, basi mgongo wako utakushukuru.

Na mbambakofi je, amekatazwa kabisa? La. Uko mlango mmoja wa halali. Nyumba za zamani zinapobomolewa, na vyombo vikongwe vinapovunjwa, hupatikana boriti na mbao ambazo zimekwisha kutumika miaka mingi na bado zina afya. Ukizipata, uliza kwanza ni za nani. Kisha chunguza misumari iliyojificha ndani, isije ikaharibu msumeno na jicho lako. Mti uliokatwa na babu zetu ukapewa kazi ya pili haukuongezea msitu jeraha jipya. Lakini mlango wa kuchonga ulio mzima usiuvunje ili upate meza. Hilo lingekuwa kuchoma jahazi ili kuota moto.

Nimesema kwa kirefu juu ya kosa la mtu anayetaka bora kupita haja. Yafaa sasa nitaje kosa la upande wa pili, nalo ni la mtu anayetaka rahisi kupita kiasi. Rahisi hugharimu. Kuna anayenunua mbao mbichi zinazotoa maji zikipigwa msumari, akatengeneza meza leo, na baada ya kaskazi moja viungo vyote vimelegea. Desturi ya mafundi wengi ni kuupa ubao mwaka mmoja kivulini kwa kila inchi ya unene wake, ukiwa umepangwa juu ya vijiti ili hewa ipite. Na hata penye joto kama letu, asiyengoja hulipia papara yake. Mtu huyu hudhani kwamba amejidhulumu mwenyewe tu. Sivyo. Meza inayoyumba humtelezesha patasi mwanafunzi wake, na damu itakayotoka si ya mnunuzi. Meza inayovunjika baada ya mwaka hudai mti mwingine. Ubahili kama huu na ule ufahari wa kwanza ni ndugu wawili: wote humwachia mtu mwingine deni.

Ubao wa zana nao una funzo lake. Hewa ya Malindi ina chumvi, na chumvi hula chuma mchana na usiku. Nyumba nyingi za zamani zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo hufyonza unyevu, hasa wakati wa masika. Ukiugandamiza ubao moja kwa moja juu ya ukuta wa namna hiyo, unyevu hukaa nyuma yake, ubao hupinda na zana hushika kutu. Kwa hiyo tanguliza papi mbili au tatu ukutani, kisha funga ubao juu ya papi hizo, ili hewa ipite nyuma. Hapa saiprasi iliyo nyepesi yatosha kabisa. Kutumia mti mzito ni kuutaabisha ukuta bure. Mbao za unga wa mti uliogandamizwa kwa gundi ziepuke, kwani zikinyweshwa unyevu huvimba na hazirudi kama zilivyokuwa. Tumia skrubu za shaba nyeupe au zilizopakwa zinki. Waunda mitepe wa kale walishona mbao kwa kamba za nazi, na kamba haishiki kutu. Nasi tunaotumia chuma hatuna budi kukichunga. Pakaa zana mafuta kidogo kila jioni.

Kisha chora kwa kalamu umbo la kila zana mahali pake. Pengo likionekana, utajua upesi ni kitu gani hakijarudi, na kama ulikiazima kwa jirani, ukuta wenyewe utakukumbusha. Usitundike zana usizozitumia kwa ajili ya macho ya wageni. Ukuta wa fundi ni daftari la kazi yake, wala haufai kuwa duka la majivuno.

Mambo yote niliyoyataja, msomaji, yamefumbatwa katika maswali matatu, ambayo nakusihi uyaulize kabla hujatoa fedha. Kipande hiki kitafanya kazi gani? Kilitoka wapi? Na kama bei yake ni ndogo, ni nani anayelipa kilichobaki? Swali la kwanza litakulinda na ufahari, kwa kuwa litakuonyesha kadiri inayotosha. La pili litakulinda na wizi uliofichwa katika ununuzi. La tatu litakulinda na urahisi wa uwongo. Mwuzaji akichukizwa na maswali yako, kuchukizwa kwake ni jibu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika soko la mbao asiyeuliza hushiriki asilolijua.

Usidhani kwamba maswali haya ni ya maseremala peke yao. Siku moja utanunua ardhi, utaajiri mtumishi, utachagua kiongozi, na katika kila jambo utaambiwa utazame nguvu na bei. Mtu aliyezoea kuuliza haki ya ubao mmoja hatashindwa kuuliza haki ya mambo hayo. Ndiyo maana yafaa kuanza mapema, na kuanza na kitu kidogo. Meza utakayoifanya itazaa viti, vitanda, madawati na pengine jeneza la mpendwa wako. Kila kimoja kitapata unyofu wake kutoka kwake. Basi uichague mbao yake hivi kwamba mtoto akikuuliza mti huu ulisimama wapi, uweze kumjibu ukimtazama usoni.